Ulimwona, au Umemwona?

Kumsenga, Kibondo
18 Januari 2015

Mdogo wangu Crispin,

Mwakeye huko Kasulu? Sisi huku tumeamka salama. Mvua haitupi nafasi hata ya kuanika, lakini maharage tulishayavuna kabla hayajaoza, na si mabaya. Shemeji yako Gasper mgongo umepoa tangu aache kubeba magunia kichwani na kuiachia baiskeli kazi hiyo. Mama mkwe anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo ni mzima. Yule mbuzi mwenye ndevu amezaa pacha.

Barua hii anakuletea Nestori, yule anayepeleka maharage soko la Kasulu. Unijibu kwa mkono wake huyo huyo. Usinipigie simu. Hapa kwetu mpaka nipande kilimani ndipo mtandao unapatikana, na hili ninalouliza nataka kuliona limeandikwa.

Jambo lenyewe ni dogo. Kuna mama mmoja hapa kijijini anajifunza Kiingereza ukubwani, naye amenikaba kwa sababu anajua nina mdogo wangu mwalimu wa lugha hiyo. Anasema aliandika “Did you went to Mabamba?” akakosa. Sasa “go” ni kwenda, na “went” ni alikwenda. Swali ni la jana. Kama jambo limepita, si limepita? Kosa liko wapi? Mama wa watu anakosa usingizi. Mwonee huruma umweleze polepole, maana kichwa chake si cha mtoto tena.

Unakula vizuri? Usinidanganye.

Dada yako,
Maximilla


Kasulu
3 Februari 2015

Dada Maximilla,

Shikamoo dada. Na shemeji umfikishie shikamoo yake, na bibi pia. Mimi sijambo. Shule zimefunguliwa, kidato cha kwanza wamekuja wengi kuliko madawati, na wanafunzi wanasoma kwa zamu ya kusimama. Ninakula. Mwalimu mwenzangu Careen anawasalimu.

Kuhusu huyo mama. Mwambie Waingereza ni wabahili: ndani ya swali, neno moja tu ndilo linaloruhusiwa kuvaa wakati uliopita. “Did” akishaingia, yeye ndiye ameuvaa. Kitenzi kinachofuata kinabaki kama kilivyozaliwa: go, see, cross, bring. Kwa hiyo, “Did you go to Mabamba?” Akiandika “Did you went” ni kama mtu aseme kwa Kiswahili “Je, ulilikwenda Mabamba?” Sikio lenyewe litakataa.

Ila awaangalie “was” na “were”. Hao wanajitegemea, hawamhitaji “did”. “Were you at home?” inatosha. “Did you were at home” ni balaa.

Mwambie aandike maswali ya namna hiyo mengi, kuhusu watu anaowajua na mambo yaliyotokea kweli, kisha anitumie nisahihishe.

Mdogo wako,
Crispin


Kumsenga
1 Machi 2015

Mdogo wangu,

Tunaendelea vizuri, isipokuwa barabara. Lori alilopanda Nestori lilinasa kwenye tope, wakalala njiani, ndiyo maana barua yako imefika imelowa na wino umetembea. Nimeisoma yote hivyo hivyo. Hiyo “ulilikwenda” imenichekesha mpaka mama mkwe akauliza kama nimerukwa na akili.

Careen ni nani? Mwalimu mwenzako anatusalimu sisi asiotujua? Walimu wenzako wangapi wamewahi kutusalimu?

Maswali yenyewe haya hapa, usahihishe. “Did Nestori bring the letter?” “Did the lorry stop on the road?” “Were you sick in December, when you did not write to your sister?” Hilo la mwisho jibu kabisa.

Sasa nikwambie. Huyo mama wa kijijini ni mimi. Mwaka jana nilifanya Mtihani wa Maarifa, ule wa watu wazima wanaotaka kuruka mpaka ngazi ya kidato cha pili. Gasper peke yake ndiye aliyejua. Masomo mengine yote nilipita, hata Hisabati. Kiingereza ndicho kilichoniangusha. Kulikuwa na sehemu ya kugeuza sentensi kuwa maswali, zote za mambo yaliyopita, nami nikajaza “did” na “went” kwa fahari, nikatoka nje nikijua nimeua. Matokeo yalipotoka niliyasoma kilimani kwenye simu ya Gasper, nikashuka nikaenda kupalilia mihogo. Sikulia. Nilipalilia mpaka mahali pasipo na majani.

Mwezi wa kumi na moja narudia. Usiniulize kwa nini nataka kusoma umri huu. Nina sababu yangu. Wewe nifundishe.

Kinachonisumbua sasa ni hiki “have”. Kuna “Did you see” na kuna “Have you seen”. Zote ni kuona, zote zimepita. Waingereza walikosa kazi?

Maximilla


Kasulu
19 Machi 2015

Dada yangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Hisabati umepita, dada! Kuna walimu hapa wanaikimbia. Mbona hukuniambia? Haya, siulizi. Maswali yako yote matatu ni sahihi. Na ndiyo, mwezi wa Desemba nilikuwa na malaria, sikutaka uache shamba uje.

Sikiliza sasa, hili si gumu kwako, kwa sababu umelibeba kinywani tangu utoto. Kwa Kiswahili unasema “uliona” na unasema “umeona”. Huchanganyi hata siku moja. “Ulimwona Nestori?” ni siku ile, sokoni, jambo limefungwa mlango. “Umemwona Nestori?” ni tangu huko nyuma mpaka dakika hii, mlango uko wazi, ninamtafuta sasa. “Did you see Nestori?” ni ya kwanza. “Have you seen Nestori?” ni ya pili.

Na nyumbani tumewazidi wote. Kwa Kiha, na kwa Kirundi cha marehemu mama, neno ni lile lile, sauti tu inapanda au inashuka, na msikilizaji anajua kama ni jambo la leo asubuhi au la zamani. Waingereza hawana sikio hilo, ndiyo maana wameajiri hawa akina “did” na “have”.

Mtego mmoja. Sisi tunasema “Amefika lini?” na hakuna anayeshangaa. Wao hawakubali. “When” anataka siku, na siku ikishatajwa mlango umefungwa. “When did he arrive?” Kamwe usiandike “When has he arrived?” Hapo wanafunzi wangu wote wanaanguka.

Nakutumia kitabu changu cha zamani cha mazoezi. Kimetoboka na panya lakini sehemu ya maswali ipo.

Crispin


Kumsenga
31 Mei 2015

Mdogo wangu Crispin,

Unisamehe kwa kimya. Najua umeandika mara mbili na hukupata jibu.

Tuko wazima, lakini hatukukaa nyumbani. Watu wamevuka kutoka Burundi. Huko kwenu najua mnawaona wakiletwa Nyarugusu kwa mabasi. Sisi tunawaona wakifika Mabamba kwa miguu, na magodoro kichwani, na watoto wamevaa nguo mbili mbili juu ya mwili mmoja. Akina mama wa jumuiya yetu tumekuwa tukienda huko kupika uji. Wanazungumza kama mama yetu alivyozungumza, Crispin. Mwanamke mmoja alisema “murakoze”, asante, nyuma yangu nikageuka kwa kasi, nikidhani ni yeye.

Siku ya pili alikuja daktari mzungu. Haelewi Kiswahili, haelewi Kirundi. Akauliza nani anajua Kiingereza. Wenzangu wakanisukuma mbele, maana kila mtu ameniona na kitabu chako chenye mashimo.

Nilianza vizuri. Kisha ikafika zamu ya mama mwenye mtoto mdogo anayetapika. Daktari akaniuliza kwa Kiingereza ana nini, nikasema kwa kujiamini, “He vomited yesterday.” Daktari akaitikia kwa kichwa, akamwacha, akaenda kwa mwingine. Kwake yeye ilikuwa imekwisha, mlango umefungwa. Mama wa mtoto akanivuta kitenge: “Mbona anaondoka? Mwanangu anatapika tangu jana, na sasa hivi ametapika tena!” Nikamkimbilia daktari. Nikamshika mkono. Nikasema “Yesterday, and today, and now, now!” nikionyesha tumbo na mdomo kama bubu. Akanielewa, akarudi, mtoto akawekewa maji kwenye mshipa. Amepona. Lile neno nililolihitaji lilikuwa lipi? Niandikie, nilining'inize ukutani.

Katika hizo barua zako mbili uliuliza sababu yangu. Nilikuwa sitaki kukwambia, ila sasa naona hakuna faida ya kuficha. Mama alipofariki, mimi nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Jina langu lilibandikwa shuleni, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kutupongeza akatukuta tunazika. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Baba hakunikataza. Hakusema lolote. Nilikufunga mgongoni mwenyewe.

Sijutii, na usije ukaanza kulia huko. Nimekwambia kwa sababu uliuliza.

Careen ni nani?

Dada yako


Kasulu
9 Juni 2015

Dada,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii nikaichana, zaidi ya mara moja. Nimezaliwa mle ndani, nimelelewa na wewe, na sikujua. Wanafunzi wangu leo wameniona nimesimama ubaoni nimesahau nilichotaka kuandika. Uliniambia nisilie, basi tuache hapo, nifanye kazi niliyonayo mkononi.

Neno ulilolihitaji ni hili: “He has been vomiting since yesterday.” “Has been” na “-ing”: lilianza nyuma na bado linaendelea. Na daktari akitaka kuuliza atasema, “How long has he been vomiting?” Amekuwa akitapika kwa muda gani. Lining'inize ukutani.

Kuna wakati mwingine wa kitenzi ambao nilitaka kuuacha mpaka Agosti, lakini wewe mwenyewe umeshautumia. Umeandika “nilikuwa nimechaguliwa”. Mambo mawili yote yamepita, moja likatangulia jingine. “Had you been selected when Mother died?” Swali hilo lina jibu fupi, nalo ni “Yes, I had.” Liandike kwa mkono wako, dada, kwa herufi kubwa. Jina lako lilibandikwa. Lilishinda kwanza, mengine yalifuata.

Jumamosi nakuja. Nakaa mpaka Jumatatu, nimeomba ruhusa. Tutafanya maswali mchana kutwa, na shemeji akichoka kusikiliza aende kwenye mihogo.

Careen ni mwalimu wa Baiolojia. Ametokea Moshi. Ni mtu mzuri.

Crispin


Kumsenga
27 Septemba 2015

Mdogo wangu,

Tangu uondoke mwezi wa sita Gasper naye anasema “Did you buy salt?” kila nikitoka dukani. Mama mkwe anajibu “Yes, I had” kwa kila kitu. Nyumba imeharibika.

Keti chini sasa nikusimulie. Kuna shirika limetangaza kutafuta wakalimani, watu wanaojua Kirundi, Kiswahili na Kiingereza. Wanasema kambi ya Nduta itafunguliwa tena, watu wapunguzwe huko kwenu. Nikachukua baiskeli ya Gasper mpaka Kibondo mjini. Tulikuwa wengi, vijana watupu wa kidato cha nne na cha sita, wamechomekea mashati. Mimi nilikuwa na kitenge changu kile cha kijani. Binti mmoja akaniuliza, “Mama, umemleta mtoto wako?” Nikamwambia nimejileta mwenyewe.

Ndani kulikuwa na wawili: mama mmoja mrefu wa Norwe, ndiye mkubwa wa kazi, na Bwana Makarius, Muha mwenzetu wa Kibondo. Yeye anasema jambo kwa Kiswahili, wewe unaligeuza kuwa swali la Kiingereza na kumuuliza yule mama.

“Muulize alivuka mpaka lini,” akasema Makarius.

“When did you cross the border?”

“Muulize kama amewahi kuishi Tanzania.”

“Have you ever lived in Tanzania?”

“Muulize alikuwa anafanya nini watu wenye silaha walipokuja.”

“What were you doing when the armed people came?”

Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe. Kisha Makarius akatabasamu kidogo, nikajua kuna kitu. Akasema, “Sasa muulize amefika hapa kambini lini.”

Amefika lini! Crispin, nilikuona umesimama mbele yangu na chaki. Nikamgeukia yule mama nikamwambia kwa Kiingereza, “He said ‘amefika’, but in English I cannot ask ‘When have you arrived’. I will ask, ‘When did you arrive in the camp?’”

Yule mama akaweka kalamu chini. Akamtazama Makarius. Makarius akapiga meza kwa kiganja, akasema, “Tangu asubuhi nawategea hapo, na huyu ndiye wa kwanza kuuruka mtego!” Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, machozi yakanitoka. Yule mama akaniuliza nimesoma wapi Kiingereza. Nikasema, “My brother has been teaching me since January.” Umeipata, mdogo wangu? Has been, na since. Naanza kazi Nduta mwezi ujao.

Nilipofika nyumbani Gasper alikuwa amesimama barabarani ananisubiri. Nilimpungia mikono yote miwili, baiskeli ikaniyumba nikaanguka mtaroni. Alinikuta nimekaa kwenye matope nacheka.

Sasa zamu yako. Mwezi wa sita uliniambia mbele ya Gasper kwamba utamwona baba yake Careen. Nikuulize kama mkalimani: “Have you spoken to her father?” Jibu la “I will” silipokei. Hilo si jibu la swali la “have”.

Maximilla, mkalimani


Kasulu
25 Oktoba 2015

Dada yangu mkalimani,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya ushindi.

Barua yako niliisoma chumba cha walimu, nikapiga kelele hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini. Nikamsomea ile ya “amefika lini”. Akaomba aisome mwenyewe. Siku iliyofuata niliiandika ubaoni kidato cha tatu, nikawaambia aliyeuruka mtego huu ni dada yangu mwenyewe, na mwalimu wake ndiye huyu mnayempigia makelele. Walipiga makofi, dada. Kidato cha tatu hawajawahi kunipigia makofi.

Ulikuwa umekasirika kwamba sijibu kuhusu Careen. Niliogopa. Wao ni Walutheri, sisi Wakatoliki. Yeye ni binti wa bwana shamba mstaafu wa huko Moshi, mimi nyumbani kwetu watu bado wanasema “wale Warundi” kwa sababu ya mama, ingawa vyeti vya uraia tunavyo. Nilidhani nikikaa kimya jambo litajimaliza lenyewe. Kisha ukaandika “have”, na nikaona wewe umeingia kwenye chumba kile na kitenge chako, mimi nashindwa kupanda basi.

Shemeji Gasper atakuwa amekwishakusimulia, maana nilimwomba tusafiri naye mpaka Moshi, na najua hawezi kunyamaza. Lakini nataka uyapate kutoka kwangu. Mzee Elisante, baba yake Careen, alitupokea vizuri, akatusikiliza, kisha akauliza, “Huyu kijana amelelewa na nani?” Nikafungua mdomo, shemeji akanitangulia. Akasema, “Amelelewa na mke wangu, toka yuko mgongoni. Na mke wangu, mzee, hajawahi kulea kitu kikaharibika.” Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe aje asikie.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: “I have.” Na amekubali. Harusi ni baada ya Pasaka, tutafungia huko kwao na sherehe ya pili Kumsenga.

Crispin


Nduta, Kibondo
6 Desemba 2015

Mdogo wangu Crispin, na wifi yangu Careen maana najua mnasoma pamoja,

Tumefurahi kwa barua zenu na kwa kitambaa cha harusi. Mama mkwe amekwishaanza kukishona, hakumngoja fundi. Mtihani nilifanya. Ile sehemu ya maswali niliimaliza nikabaki nimekaa natazama dirishani, msimamizi akadhani nimekata tamaa, akaja kunipa moyo.

Lakini leo ninaandika kwa sababu ya Alhamisi iliyopita.

Kuna msichana hapa, anaitwa Ininahazwe, wa miaka kama kumi. Alifika peke yake, akiwa na majirani. Walipotezana na mama yake njiani. Watu wa kuunganisha familia walikuwa wamemtafuta huyo mama: jina lilitangazwa kwa kipaza sauti hema kwa hema, hakuna aliyeitika. Alhamisi mtoto aliletwa kwetu kwa mahojiano ya mwisho. Wakishindwa, ilikuwa apewe familia ya kumlea, na familia hiyo ilikuwa inahamishwa kesho yake kwenda kambi nyingine.

Mkubwa wangu, yule mama wa Norwe, aliuliza kwa upole, nami nikageuza. Mliondoka nyumbani lini? Mlikuwa mnakimbia na nani? Mlipotezana wapi? Kisha akauliza, “And did you see your mother after that, on the road?”

“Ulimwona mama baada ya hapo, njiani?”

“Oya,” akasema mtoto. Hapana.

Mkubwa akashusha pumzi, akafunga kalamu.

Crispin, nilitazama uso wa yule mtoto. Alikuwa amejibu kama alivyofundishwa kwao, mkubwa akikuuliza jambo unajibu hilo hilo, huongezi. Nikafikiri, kila mtu amemuuliza habari za njiani. Zote ni “did”, zote za siku ile. Nikamwambia mkubwa wangu, “Please, may I ask her again? Not ‘did you see’. I want to ask ‘have you seen’.”

Akanitazama. Kiingereza naye si lugha ya mama yake, alijifunza kama mimi, akaelewa palepale. “Ask her,” akasema.

Nikachuchumaa mbele ya mtoto, nikamuuliza kwa sauti ile ya nyumbani, ya jambo la siku hizi na leo: “Tangu mlipopotezana mpaka sasa hivi unaponitazama, umemwona mama yako?”

“Ego,” akasema. Ndiyo.

Hata mkubwa aliyekuwa hajui Kirundi alilijua neno hilo.

“Umemwona wapi?”

“Hapa. Siku ile tuliposhuka kwenye basi. Walikuwa wanampakia kwenye gari jeupe, amelala. Nilimwita, hakugeuka.”

“Mbona hukusema, mwanangu?”

Akainamisha kichwa. “Walisema wanaopanda gari lile hawarudi. Na hakuna aliyeniuliza.”

Gari jeupe ni la wagonjwa, Crispin. Linakwenda hospitali Kibondo mjini. Kipaza sauti kilikuwa kinamwita huku, mwenyewe yuko kitandani kule!

Sikumbuki kama nilitafsiri au nilipiga kelele tu. Mkubwa wangu alikuwa ameshasimama, funguo mkononi. Tuliingia garini, mtoto katikati yetu, tukaenda na vumbi lote la barabara. Njia nzima mtoto alinishika kidole kimoja. Sikuthubutu kumwahidi kitu. Niliomba tu kimoyomoyo, na nadhani niliomba kwa Kiha, Kiswahili na Kiingereza vikichanganyika.

Wodini muuguzi alisema yupo Mrundi mmoja aliyeletwa hajitambui kwa homa, sasa anakaa na kuzungumza kidogo, lakini kila siku anamlilia mtu na wao hawaelewi vizuri anamlilia nani. Akatuonyesha kitanda cha mwisho, karibu na dirisha.

Yule mama alikuwa amegeukia ukutani. Ininahazwe alisimama katikati ya wodi, hakusogea. Kisha akaita, mara moja, kwa sauti ndogo sana.

Mama akageuka.

Hakupiga yowe. Alijiinua kwa kiwiko, akamtazama mtoto kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anayehesabu kwamba kila kitu kipo. Kisha akanyoosha mkono, mtoto akaruka, na wakawa kitu kimoja pale kitandani. Wagonjwa wote walikuwa wamekaa. Muuguzi alijifuta macho kwa shuka aliyokuwa amebeba.

Mama akamshika mtoto mashavu, akamwambia kitu. Mkubwa wangu akanigusa bega. “Maximilla, what did she say?”

Nikamwambia, “She is asking, ‘Have you eaten?’”

Na mtoto akatikisa kichwa: hapana.

Basi ungeiona wodi ile, mdogo wangu! Bibi wa kitanda cha pili akatoa ndizi chini ya mto. Mwingine akafunua bakuli la ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, aliyoletewa na wanawe, akasema yeye ameshiba, na alikuwa hajagusa. Muuguzi akaleta chai. Mwanamume aliyekuja kumtazama mkewe akakimbia nje akarudi na maandazi ndani ya gazeti. Mtoto alikaa katikati ya kitanda na vyakula vyote hivyo mapajani, mkono wa mama ukiwa mgongoni mwake, akala, na sisi watu wazima wote tukasimama tunamtazama anavyotafuna, mpaka akamaliza bakuli na kulamba vidole.

Dada yenu,
Maximilla